Salamu za Wadini

Ramani tuliitandaza juu ya mkeka wa Bi Zuweina,
pembe moja tukaibana kwa dele la kahawa,
ya pili kwa sahani ya tende,
ya tatu kwa simu ya Muhanna isiyokoma kutetemeka.
Pembe ya nne ikajikunja ipendavyo.

Lakini kwanza neno lenyewe.
Mama yangu alipofika Samail kutoka Unguja,
sanduku la bati bado halijafunguliwa,
jirani alimwambia, "Wanao wako wadini."
Akatoka mbio kichwa wazi, akilia,
akidhani tumelazwa, tumetundikiwa maji ya chumvi.
Kumbe tuko dimbwini, tunarushiana matope.
Huku wadi ni mto,
mto mwenye nyumba asiyelala nyumbani:
mwaka mzima kokoto na kwato za mbuzi,
kisha usiku mmoja anarudi, anavunja mlango.

Kando ya mto huyo tulitaka njia.
Kilomita sita, ya mguu, si ya gari,
toka msikiti wa juu hadi darajani,
na alama za rangi tatu juu ya mawe
ili hata mgeni asimuulize mtu.

Manispaa wakatoa barua yenye mihuri minne.
Timu ya mpira ikatoa vijana kumi na mmoja
na wa akiba wawili, wavivu.
Shule ya wasichana ikatoa rangi na mwalimu Thuraya,
ambaye mwandiko wake haubishiwi.
Wakili wa falaji, Ghusn, aliyerithi kugawa maji kwa nyota
na sasa anagawa kwa saa ya mkononi,
akauliza swali moja tu:
"Mpita njia akiinama akanywa,
amekunywa fungu la nani?"
Tukatazamana.
Nikaandika: *kila mtu na chupa yake*.

Rafiqul alikuwa mlangoni na mundu wake,
miaka kumi na tisa anapanda minazi ya watu, yaani mitende,
mimi hukosea nikichoka.
Hakuna aliyemwita. Akanyoosha kidole kutoka pale pale:
"Hapa maji hupiga kona. Hapa pampu yangu ilikwenda."
Tukaitikia kwa vichwa.
Sikuandika.

Machi, mvua ya saa mbili.
Asubuhi ngazi zetu za mawe hazikuwapo,
na kibao cha Thuraya, herufi zake nzuri zote,
kilikuwa kimekwama juu ya mkunga darajani
kikielekeza mbinguni.
Ni kona ile ile.

Kikao cha pili Rafiqul alikaa mkekani,
kahawa alipewa wa kwanza,
na kalamu nilimpa yeye.
Akachora polepole, akapandisha njia juu,
ikaacha kokoto, ikapita nyuma ya ukuta
wa mwenye mkeka.

"Ukuta wangu?" Bi Zuweina akaweka kikombe chini.
"Watu wanichungulie nikifua?"
Muhanna akaleta hoja ya maendeleo; akafukuzwa.
Ghusn akaleta hadithi ya marehemu mumewe; akafukuzwa pia.
Siku nne. Ya tano akatuma mjukuu na karatasi:
pima mbili natoa, nyuma ya mindimu,
ndimu zisiguswe,
na kila apitaye atoe salamu kwa sauti
nijue ni mtu, si mbwa.

Ndiyo maana pale ukutani, kwa mwandiko wa Thuraya,
hapana mshale wala kilomita.
Kumeandikwa: TOA SALAMU.
Nao hutoa. Watoto hupiga kelele, Wajerumani hujaribu,
wafanyakazi wa mashamba hushusha mizigo kwanza.
Na kutoka ndani, nyuma ya majani, bila sura,
jawabu hurudi kamili, halikatwi hata neno.

Jana amenipigia simu.
Wamepita arobaini na wawili, anasema, amehesabu kwa tasbihi.
Mmoja hakusalimu.
Anataka kikao.