Kuanzia Pindoni

Bibi Mehbubi hakuanza katikati.
Alitandaza sari kuukuu juu ya sakafu ya samadi,
akakunja pindo, akaketi pembeni, miguu ameinyoosha,
akapiga bandi ya kwanza, kisha ya pili,
fupi fupi, kama hatua za mtu mwenye ndoo kichwani.
"Ng'ombe hatorokei katikati ya zizi," alisema.
"Hutorokea ukingoni. Shona ukingo kwanza."

Akazunguka.
Kiraka kikapanda mgongo wa kiraka,
mstari ukaufuata mstari kuelekea ndani,
na yeye akijisogeza taratibu, kitako chini,
huku nje mvua za Haliyal zikiozesha kuni.

Hapa ni shati la Imamsab, mumewe.
Bado lina tundu la kifungo kilichong'oka
siku walinzi wa msitu walipomkamata na asali.
Hapa ni sare ya Dastagir, kijivu,
ya darasa la nne. La tano hakulifikia.
Hapa ni bendera ya uchaguzi, alama imegeuzwa chini,
"maana ahadi nayo hutia joto, ukiilalia."
Hii ni blauzi ya Natalina wa kanisani,
hiki kilemba cha Putta, aliyewapa wazee wake nazi
kwenye jiwe kule mlimani.
Ndani ya mfarishi hakuna aliyemuuliza mwenzake
husali akielekea wapi.

Wanasema mababu zetu walitoroka Goa usiku,
wakapanda milima na nguo za mwilini tu.
Walikotoka kabla ya Goa, ng'ambo ya maji,
hakuna aliyetuachia jina la kijiji.
Nguo ilipochakaa haikutupwa.
Ingetupwa, wangevaa nini kesho?
Basi ikawa kiraka, na kiraka kikawa blanketi,
na blanketi likirarukararuka
likalala tumboni mwa blanketi jingine,
huko ndani, gizani, lisikoonekana.

Alikuja mtu kutoka Bengaluru na futi ya kupimia.
Akainama, akavua miwani, akaivaa tena.
"Mama, buluu hii inakatika ghafla.
Inaashiria nini?"
Bibi akauma uzi, akautema.
"Inaashiria kwamba buluu iliisha."
Mgeni akataja bei. Bibi akamwonyesha pembe:
maua matatu ya kitambaa kilichokunjwa,
phula, kama tunavyoyaita, na pembe ya nne tupu.
"Huu bado uko uchi," akasema.
"Utamtoaje mtu nje akiwa uchi?"

Akafa Agosti, sindano imechomekwa
kwenye kilemba cha Putta,
na katikati pamebaki uwazi
wa ukubwa wa chapati moja.

Mimi hushona Hubballi, kiwandani,
kola sitini kwa saa, shingo za watu nisiowajua.
Niliomba ruhusa ya siku tatu, nikakatwa mshahara wa nne.
Nikaketi alipoketi. Subana yake ilinipwaya.
Bandi zangu zimenyooka kama askari wa gwaride;
zake hutangatanga, hupumzika,
husahau walichotumwa, hurudi.
Nilifumua zangu mara mbili nizifunze kupinda.
Hazikufunzika.

Kabla sijaziba nikatia punje tano za mchele,
kwani tumbo halifungwi tupu.
Ua la nne nililikunja kwa kipande cha kiwanda,
nilichokificha kifuani, msimamizi asikione.
Ni cheupe mno. Kinapiga kelele pale pembeni.
Nimekiacha.

Sasa usiku, kwa kidole gumba cha mguu,
nahisi pale alipoishia yeye, nikaanza mimi.
Binti yangu Hoorbi, wa miezi saba,
hana habari ya mpaka huo.
Usiku wa kwanza kabisa aliukojolea
katikati barabara, juu ya mchele na Putta na wote.
Asubuhi nikauanika uani.
Jua lilikuwa kali.
Ulikauka kuanzia pindoni.