A ya Mringaringa

Makasha yalifika Moshi pamoja na mashine:
herufi za mti, nene, zimeshiba,
kiuno chembamba, visigino vipana chini
kama mtu aliyejiandaa kusimama mnadani kutwa.
Zilichongwa ng'ambo, kwa lugha ya wenyewe.
E tele. T tele.
A sita tu.

A sita, na sisi tuna KAHAWA!
Neno moja limemeza tatu,
BARAZA likamaliza zilizobaki,
na bado hatujapanga MAHALI wala TAREHE.

Ndelamio Makawia hakulalamika.
Alishuka Kibosho na gogo la mringaringa,
akanoa kisu, akachonga A kumi na mbili,
unene uleule, visigino vilevile,
ila moja mguu wa kulia ulivimba.
Tukaiita Kiguru.

Kiguru ametangaza bei ya buni,
dawa ya kupe, mechi ya Jumapili,
na tanzia ya Ndelamio mwenyewe.
Pale sokoni Kiboriloni
ulimsoma kutoka ng'ambo ya barabara, bila miwani.

Jana kaja kijana wa kompyuta, katokea Arusha.
Mgahawa wake unataka sura ya kizamani.
Akapiga picha herufi moja moja.
Kwa Kiguru akasita: "Huyu nitamnyoosha."

Sikujibu. Nilipaka wino, nikabana karatasi,
nikavuta mkono wa mashine.
K, A, H, A, W,
kisha Kiguru, ameegemea ukingo
kama anayemsubiri mwenzake atoke dukani.

Kijana akatazama, akatazama.
Akauliza bei.