Pima Kumi na Saba

Bwana mpimaji, usinikanyagie ukili.
Umeanzia pale kwenye jiwe, ukapita kigingi chako
chenye kitambaa chekundu, mwisho wake huu mkononi mwangu.
Niliuanza Jumatatu, alfajiri,
tipa la kwanza lilipotukuta tumekaa njiani,
wanawake kumi na mmoja na birika moja la chai.

Wewe una utepe wa chuma unaojirudisha wenyewe kibatini.
Mie nina miyaa na vidole.
Haya, tupime sote.

Shimo hili la Kichangani mtoto alikuwa akiliruka.
Ussi alichota mchanga wa kusakafia birika la udhu,
tukasema Mungu amlipe.
Kisha likaja gari la ng'ombe, kisha matipa,
kisha hilo katapila la manjano, mkono mmoja,
linakula bila ya bismillahi.
Nami nisijitoe: sakafu ya chumba changu imetoka humo humo.
Nailalia mchana wa joto, ina baridi nzuri.
Lakini anayechota maji
hakibebi kisima.

Kisima chenyewe sasa kina munyu.
Chai hii, ukiionja, usifikiri tumekosea sukari.

Ulinisomea karatasi yako. Mkarafuu una bei.
Mnazi una bei, mchanga kidogo, uliozaa zaidi.
Muhogo ni wa msimu, haulipwi,
kama kwamba sisi tunakula kwa msimu.
Nikakuuliza, kaburi liko safu gani?
Ukafunua ukurasa. Ukafunua tena.

Pale penye mrehani.
Aliishi siku sita, jina lake lilikuwa la kesho.
Nilimwita mchanga, kwa kuwa alikuwa mchanga,
na mchanga ndio uliompokea,
laini, haukumwumiza.
Lugha yetu haikutenga maneno hayo mawili.
Wewe utayatenga kwa kijiko cha chuma?

Juzi sheha kaja na kanzu ya pasi:
"Akina mama, msizuie Maendeleo."
Bi Kijakazi, ambaye sikio moja halimo,
akauliza, "Huyo Maendeleo mtoto wa nani?"
Tulicheka mpaka birika likamwagika.
Sheha naye alicheka, kidogo, kisha akakumbuka alilotumwa.

Dereva wa Jumatatu alikuwa Machano, mtoto wa Mize,
na Mize amekaa hapa, ubavuni mwangu.
Alizima gari. Alipandisha kioo.
Hadi adhuhuri wanatazamana, mama chini, mwana juu,
katikati yao joto la injini.
Akashuka kuomba chai. Mize akammiminia,
akamfutia kikombe kwa upande wa kanga, neno hakusema.
Akarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu.
Wamemkata mshahara wa siku tatu.
Alhamisi wameleta dereva mwengine, hatumjui kwao.
Huyu hupiga honi.

Na vigingi, usiniulize.
Usiku mie husuka, sioni.
Nimesikia kama ulivyosikia wewe: kumi na vinane,
vitambaa vyake vyekundu, havikupotea hata kimoja,
vimepandwa barazani kwa sheha hadi mlangoni mwa jiko lake,
mstari umenyooka
kama uliopigwa kwa darubini.

Unaniuliza tutakaa mpaka lini.
Ukili hauulizwi hivyo. Ukili huulizwa umefika wapi,
na huu haujatosha mkeka.
Ukitosha tutaushona tuukalie hapa hapa,
au tutamlazia wa kwanza atakayechoka.
Sijui. Mize anasema wa kwanza hatakuwa yeye.

Basi andika, kalamu si unayo?
Andika: toka kwenye jiwe
hadi mkono wa mwanamke, pima kumi na saba,
na bado unasukwa.
Hapo pa jina uache wazi, hata mwanangu aliachwa hivyo.

Na sasa sogeza mguu.