Hitilafu Kumi na Saba

Kompyuta ya Baba Mdogo Randiki ilikata roho wiki ya mazishi yake,
ile iliyonguruma kama kinu cha posho Kibuye,
na programu yake ikafa nayo.
Nimeokoa faili moja. Imelala kwenye flashi
ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba:
watu mia nne na sita, vizazi tisa,
na miaka thelathini ya mtu aliyekwenda matangani na daftari,
akiwauliza wafiwa maswali chai ikiwa bado moto.

Migosi, saa mbili usiku. Napakia kwenye programu mpya.
Mstari wa kijani unatambaa, unasita
kwenye asilimia sitini na moja
kama mgeni aliyesikia mbwa langoni.
Kisha: Imekamilika. Hitilafu kumi na saba.

Ya kwanza: Tarehe haieleweki.
Aliandika, "mwaka wa nzige, palizi ya pili."
Programu inataka namba. Naipa namba,
naweka "takriban" mbele yake,
na najiona nimempokonya nyanya palizi yake.

Ya nne: Mume ana wake watano. Uendelee?
Yeye aliendelea.

Ya tisa: Ajwang', Ajwang', Ajwang'.
Huenda ni mtu mmoja. Unganisha?
Wa kwanza yuko chini ya mawe matatu, Kombewa.
Wa pili alizaliwa akalia siku mbili, akakataa titi,
wakamtajia wafu mmoja mmoja
hadi jina lilipomfikia, akanyamaza, akanyonya.
Wa tatu ana shahada ya uhasibu na macho yanayowasha,
na kidole chake kiko juu ya kitufe.
Hapana. Usiunganishe.
(Ingawa nyanya angesema programu imeona kitu.)

Ya kumi na mbili ina alama nyekundu:
Mtoto amezaliwa miaka minne baada ya kifo cha baba.
Badilisha baba?

Mtoto ni Owaga. Baba ni Mbori, aliyekufa kwa homa.
Pua ya Owaga ilikuwa ya Abuto, mdogo wa Mbori,
na kijiji kizima kilikuwa na macho.
Lakini nyumba ilikuwa ya Mbori, ng'ombe wa mahari wa Mbori,
na mjane alipojifungua, mtoto aliitwa wa Mbori
mchana kweupe, Abuto mwenyewe akichinja mbuzi.
Pembeni, kwa maandishi yaliyoegemea kushoto,
Baba Mdogo ameweka maneno mawili: "Ni wake."

Owaga ni baba yangu.

Kuna kitufe cha Sahihisha. Kuna cha Puuza.
Hakuna cha Tunajua.
Stima inapotea, inarudi, swali liko palepale.
Naliacha na wekundu wake.

Zimebaki tano, na betri haina subira.
Kabla sijafunga, nautafuta ukurasa wake mwenyewe,
ambao katika miaka yote hiyo hakuwahi kuumaliza:
Randiki, mwana wa Ogalo. Umri: themanini na mbili.
Hali: hai.

Hilo programu haikulihesabu.