Vitofali

Nimeikuta Kibokoni, chini ya leso za mama:
ile gemu ya vitofali, ya kijivu,
kifuniko kimeshikwa kwa selotepu.

Betri mbili, dukani kwa Shekuwe.
Tiii! Mlio ule ule.
Paka akaruka dirishani.

Famau, rekodi yako haipo.
Elfu tisini na nane,
ile uliyoapa sitaifikia
hata nikiota ndevu,
imekuwa sufuri.
Na ulivyoilalia, mto juu yake,
usiku ule mama alipozitaka betri
atie redioni asikize taarabu!

Ndevu ninazo sasa. Zina mvi.

Ila kitufe cha kushoto kimelika,
kimebonyea kama kisigino cha ndara.
Naweka kidole gumba changu pale.
Hakijai.