Sifuri kwa Sifuri

Jana tulitoka sifuri kwa sifuri
na nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.
Mwadi akauliza, "Mmeshinda?"
Nikamwambia hapana.
"Basi mluzi wa nini?"
Swali zuri. Nikaomba maji ya kunawa.

Uwanja wetu nyuma ya misheni, hapa Katuba,
hauna jukwaa. Una kichuguu,
kirefu kuliko nyumba ya padri,
na watoto wasio na franka mia tano
hukipanda tangu saa saba kushika nafasi.
Siku moja mchwa watadai kiingilio.
Sisi watu wazima tunasimama kwenye kamba,
vumbi jekundu mpaka kwenye meno,
munkoyo ndani ya chupa ya plastiki,
na kila mmoja ni kocha.
Kapend ndiye kocha kuliko wote:
tangu nimfahamu
hajawahi kumsifu mchezaji aliye hai.

Mimi si mtu wa magoli.
Nisemeje? Goli ni kama arusi,
makelele, halafu madeni.
Macho yangu yako kwa Kyembe, golikipa,
ambaye siku za kazi huchomelea milango ya vyuma
na Jumapili anakuja kope zimeungua,
anasimama kati ya miti miwili
kama mtu aliyeambiwa: ngoja hapa, narudi sasa hivi.

Ninaijua kazi hiyo.
Mwaka wa kumi na moja huu mimi ni zamu,
ndivyo tunavyomwita huku mlinzi wa usiku,
kwenye depo ya saruji, Kampemba.
Rungu, tochi, koti la marehemu kaka,
mbabula yenye makaa ya kuhesabu.
Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi haina adabu,
inaingia bila kubisha,
mwizi pekee niliyeshindwa kumzuia.

Asubuhi patroni anashusha kioo cha gari.
"Kumetokea nini?"
"Hakuna, patroni."
Anapandisha kioo.
Hajui usiku kiasi gani umo ndani ya neno hilo:
mbwa aliyebweka saa nane akanyamaza ghafla,
nyayo nyuma ya ukuta, zikasita,
nami nikakohoa kwa sauti ya wanaume watatu.
Zikaondoka.
Hakuna, patroni.

Sasa jana, dakika ya themanini na kitu
(refa hana saa, anatazama kivuli cha kichuguu),
mshambuliaji wao, kijana wa Ruashi, miguu kama mkasi,
akabaki peke yake na Kyembe.
Watoto kule juu wakaacha kutafuna miwa.
Kyembe hakuruka, hakufanya sarakasi.
Alipiga hatua mbili mbele, akatanua mikono,
akawa mlango.
Mpira ukampata tumboni, pu! kama gunia limeshushwa,
ukapotea kwenye matembele ya masista.
Hakuna aliyembeba mabegani.
Kapend akatema mate: "Bahati tu."
Nilitaka kumjibu. Nikakohoa.

Wiki nyingi kwetu zinaisha hivyo hivyo.
Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi Alhamisi.
Homa ya mtoto ilipanda,
ikashuka kabla ya kumaliza pesa.
Mwenye nyumba alikuja,
akamkuta Mwadi na ile sura yake,
akasema atapita siku nyingine.
Hatujafunga. Hatujafungwa.
Nilimweleza Mwadi haya yote nikiwa nanawa,
akaniambia maneno hayo mazuri,
ila bukari hailiwi na maneno,
nipitie sokoni kesho nikitoka kazini,
ndakala zimeshuka bei.

Jumapili ijayo tunakutana na vijana wa Kigoma.
Wale wanafunga; juzi wamefunga saba.
Kapend ameshaanza kuomboleza.
Mimi nimempelekea Kyembe glavu zangu za baridi,
maana zake zimetoboka vidole viwili.
Alizijaribu, akapiga makofi, akacheka.
Wiki hii nitalinda mikono ikiwa mfukoni.