Theluthi Mbili

Mkutano wa kijiji, Kayenze, Jumamosi:
elfu kumi kila kaya, tujenge darasa.
Tulikuwa mia tatu na tisa.
Theluthi mbili, yasema sheria ndogo:
mia mbili na sita.

Nikahesabu mikono.
Wa Nyanzala, magamba ya sato yangali kuchani.
Wa Bulugu, haukunjuki tangu injini ya mtumbwi iung'ate.
Mia mbili na mitano.

Wengi wape, walinena wahenga;
hawakutaja wengi ni wangapi.

Mtendaji akagonga muhuri.
Jumatatu la pili na la tatu watakaa tena mgongo kwa mgongo,
chumba kimoja, mbao mbili.

Usiku, nikisugua wino kwa maji ya ziwa,
nikaukumbuka mkono mmoja
ambao haukuinuka:
ulikuwa umeshika kalamu.